Neno "return" katika karatasi zetu

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu wa wanamemba, Mumosho



Komite iliniomba niseme juu ya neno moja tu la Kiingereza. Kwanza nilidhani wanatania. Hapa Mumosho watu wanaongea Mashi nyumbani, Kiswahili sokoni na njiani kwenda Bukavu, Kifaransa kwenye biro. Kiingereza ni cha vijana waliotoka Uganda, na hata wao wanakitumia zaidi kuchekesha wenzao. Lakini Prezida alinionyesha ile fishi ya mradi ambayo wengi wenu mulijaza, ile ya kurasa tatu, na hapo nikaelewa. Neno hilo limo mara saba. Kurasa tatu, mara saba! Na maana zake ni tano. Nilizihesabu na biki nyekundu.

Neno lenyewe ni return. Ninyi wote munalibeba kama jina la pili: kwa Kiingereza munaitwa returnees, katika Kifaransa cha mashirika munaitwa retournés, na kwa Kiswahili chetu cha hapa munaitwa "bale balirudia". Mtu anapaswa kujua jina lake lina maana gani kabla hajatia sahihi chini yake.

Tuanze na yaliyo mepesi. Waingereza walilichukua neno hilo zamani sana kwa Wafaransa, kutoka retourner, kwa hiyo si mgeni kabisa kwetu. Anayepanda ndege na ana nia ya kurudi ananunua tiketi ya return, ile tunayoita aller-retour. Mechi ya pili kati ya Muungano na Bukavu Dawa, ambayo sisi tunaita match retour na Watanzania wanaita marudiano, kwa Waingereza ni return match. Mchezaji wa tenisi akirudisha mpira upande wa mwenzake, ni return. Ugonjwa ukirudi baada ya dawa kwisha, ni return. Hata siku ya kuzaliwa ya mtu wanamtakia returns nyingi za furaha, maana yake siku hiyo imrudilie miaka mingi.

Ukitazama kompyuta, kuna kibonyezo kikubwa upande wa kuume, na kwenye nyingine kimeandikwa Return. Wazee waliofanya kazi kwenye biro wakati wa mashine za kuandikia wanajua sababu. Ulikuwa ukifika mwisho wa mstari, unasukuma kile chuma, na sehemu yote inayobeba karatasi inarudi mwanzo kwa kelele. Mashine zilikufa, neno likahamia kwenye kompyuta.

Iko nyingine inayowagusa ninyi wenye ndugu Amerika. Kila mwaka, kuanzia mwezi wa pili, simu zinafika hapa kijijini: "Ngojeni kwanza nipate return yangu, nitatuma minerval ya watoto." Mama mmoja aliniuliza kwa hofu kama mtoto wake anarudishwa kutoka Amerika. Hapana, mama. Return hiyo ni karatasi ya kodi. Mfanyakazi anaijaza na kuituma serikalini, kwa kawaida kabla ya tarehe 15 ya mwezi wa nne, akionyesha pesa aliyopata mwaka uliopita na kodi aliyokatwa. Kama walimkata kupita kiasi, serikali inamrudishia kile kilichozidi. Pesa hiyo ina jina lake, refund, lakini watu wanachanganya vyote viwili na kusema return. Kenya nao wanasema "kufaili returns" kila mwaka kabla ya tarehe 30 ya mwezi wa sita, na kule watu wengi hawatazamii pesa yoyote, wanakimbia faini. Basi ndugu akisema hivyo kwenye simu, ujue anaongea juu ya karatasi. Safari haimo, na pesa pia si lazima iwemo. Usikope kwa jirani juu ya return ya mtu mwingine.

Sasa tufike kwenye fishi yetu.

Mstari wa kwanza unauliza tarehe ya return. Wa pili, mahali pa return. Wa tatu, aina ya return. Hapo neno ni kurudi, safari ya mtu. Mstari wa nne unaongea juu ya return ya mali: shamba, nyumba, mabati, vyote ulivyoacha, je, ulirudishiwa? Wa tano unauliza return inayotazamiwa kutoka katika msaada uliopewa. Wa sita unasema ajenti atafanya return visit, yaani atapita kwako mara ya pili. Na wa saba, chini kabisa, kwa herufi ndogo: return fishi hii kwenye biro. Maana yake uilete.

Aliyetafsiri fishi hiyo, na simjui, alitaka neno moja la Kiswahili kwa neno moja la Kiingereza. Alichagua "marejesho". Ni Kiswahili safi, hakuna atakayemgombeza. Lakini neno hilo, kwa wale mulioishi Tanzania, munajua lina kazi gani kule: ni pesa unayorudisha kila wiki kwa waliokukopesha. Basi mstari wa tano ukasomeka hivi: "Marejesho yanayotarajiwa kutoka kwa mbuzi."

Mumeanza kucheka kwa sababu munajua yaliyofuata. Kwa wafadhili ambao hawajui nitasimulia. Mama mmoja, mjane, alisomewa mstari huo na mtoto wake. Kesho yake akafika kwenye biro ya chama, mbuzi kwenye kamba, tena mbuzi mwenye mimba. "Munasema marejesho, njo nimerejesha," akasema. Hakuwa na hasira. Alidhani ndivyo mradi ulivyo: walitoa, sasa wanataka. Alikuwa amekwisha kumpa yule mbuzi jina. Katibu alitumia asubuhi nzima kumweleza kwamba mfadhili anauliza faida: mbuzi akizaa, utapata nini, maziwa, mbolea ya shamba, ada ya shule? Mama akajibu: "Sasa juu ya nini hawakuandika faida?"

Swali hilo nilipaswa kulituma Ulaya kama lilivyo. Katika Kiingereza faida ni return pia, kwa sababu wanaona pesa kama mtu aliyetumwa safari: umeituma, inarudi, na imebeba kitu mkononi. Ni picha nzuri ya mfanyabiashara. Kwa mama ambaye alikimbia mara mbili na kila mara akakuta kilichobaki kimechukuliwa, hakuna picha mbaya kuliko kuambiwa kitu alichopewa kitarudi kilikotoka.

Niseme jambo juu ya MUSO yetu, kwa sababu maana hiyo ya faida inaigusa moja kwa moja. Munajua tuko na sanduku tatu. Ya kijani ni ya akiba na mikopo: unakopa, unarudisha na faida juu yake. Ya nyekundu ni ya matatizo: msiba, ugonjwa, mama aliyejifungua kwa shida. Ya bluu ni ya pesa inayotoka inje. Katika jedwali la ripoti kuna safu moja inayoitwa return, na mhasibu wetu anapaswa kuijaza kwa kila sanduku. Kwa ya kijani hakuna shida, anahesabu. Kwa nyekundu aliandika sifuri. Alisema kweli: pesa ya nyekundu haitoki ili irudi, hiyo ndiyo maana ya kuiweka pembeni. Lakini mtu anayesoma mbali, akiona sifuri kwenye safu ya faida, atadhani sanduku hilo limekufa ao limeibwa. Ndugu wafadhili, sifuri hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote tulizofanya mwaka huu. Wale waliozikwa kwa heshima hawatarudisha kitu. Tunaomba safu hiyo, kwa sanduku nyekundu, iwe na mstari tu, na maelezo kando yake.

Kisha kuna mstari wa nne, ile return ya mali. Nitapita haraka, kwa sababu mambo ya mashamba yana mkutano wake na wazee wanayajua kuniliko. Lakini fishi imeweka nafasi ya kujibu ndiyo ao hapana tu. Papa aliyetoa kalinzi kwa shamba lake, akakimbia, akarudi na kukuta nusu imelimwa na mtoto wa ndugu yake, ajibu nini? Ndiyo, ao hapana? Kiswahili cha zamani kina matumizi mamoja ambayo yangemfaa. Nguo mpya ikifuliwa na kupunguka, wanasema nguo imerudi. Basi shamba la papa limerudi, lakini limerudi kama nguo. Ndani ya kile kisanduku cha ndiyo na hapana hakuna nafasi ya kuandika hivyo.

Sasa mistari mitatu ya kwanza, ambayo ndiyo sababu hasa ya komite kuniita.

Mstari wa kwanza, tarehe ya return, unaonekana mwepesi kuliko yote. Lakini mradi ule ulisaidia watu waliorudi ndani ya miezi 12. Na fishi ilikuwa na nafasi ya tarehe moja. Kati yenu kuna waliokimbia 1996, wakarudi. Wakakimbia 1998, wakarudi. Wakakimbia 2004 Bukavu ilipochukuliwa, wakarudi. Na wengine safari zao za karibuni hatuna haja ya kuzihesabu hapa, kila mtu anazo kichwani. Mtu wa namna hiyo akiulizwa "ulirudi lini?" anajibu ile safari kubwa, ile iliyobadilisha maisha yake. Ajenti anaandika mwaka ule. Kompyuta inaona miaka mingi imepita, inasema huyu si returnee tena, na jina linatoka kwenye listi. Familia kadhaa za chama hiki zilitoka kwenye listi kwa njia hiyo. Hakuna aliyedanganya na hakuna aliyeiba. Kiingereza kiliandika return bila wingi, basi.

Hapa Kiswahili chetu cha Bukavu kilijua jambo ambalo fishi haikulijua. Sisi tunasema "nilirudia Mumosho". Mtanzania akikusikia anacheka, kwa sababu kwake kurudia ni kufanya tena: kurudia somo, kurudia darasa. Nimewahi kuchekwa hivyo Kigoma, mbele ya watu wengi. Lakini tazameni: mtu aliyerudi mara nne amerudi kweli, na amerudia kweli. Kwenye fishi mpya tumeomba swali liwe: "Ulikimbia mara ngapi, na mara ya mwisho ulirudi lini?" Ni maneno machache tu, na watu watabaki kwenye listi.

Mstari wa tatu, aina ya return, ndio mgumu zaidi. Chini yake kuna visanduku viwili: kwa hiari, si kwa hiari. Wengi wenu mulitia alama kwa hiari, bila kufikiri, kwa sababu hakuna anayependa kuandikwa kwamba alisukumwa. Lakini swali hilo si la karatasi yetu tu. Neno hilo hilo limefika mpaka mahakama kubwa ya Washington, na maisha ya watu yakaamuliwa juu yake. Nawaomba muvumilie kidogo nisimulie.

Katika Tangazo la Haki za Binadamu la 1948, ibara ya 13 inasema kila mtu ana haki ya kutoka katika inchi yoyote, hata yake mwenyewe, na kurudi katika inchi yake. Kiingereza kinasema return. Hiyo ni haki yako. Miaka mitatu baadaye, katika Mapatano ya Geneva ya 1951 juu ya wakimbizi, ibara ya 33 inakataza serikali kumfukuza mkimbizi ao kumrudisha mahali ambapo maisha yake ao uhuru wake utakuwa hatarini. Kiingereza kinasema tena return. Neno moja: hapa ni haki ya mtu, pale ni tendo ambalo serikali imekatazwa. Walioandika waliona neno lao halitoshi, kwa hiyo baada ya return waliweka, kati ya mabano, neno la Kifaransa: refouler. Katika maandishi ya Kiingereza! Sisi watu wa hapa hatuhitaji kamusi kwa neno hilo. Nani kati yenu hajaona mtu anarefouliwa kwenye mpaka wa Ruzizi?

Mwaka 1991 jeshi lilipindua serikali ya Haiti, na watu kwa maelfu wakapanda mitumbwi kuelekea Amerika. Mwezi wa tano 1992 Prezida Bush akatoa amri: meli za Amerika ziwakamate baharini na kuwapeleka Haiti, bila kuwauliza kama wanahofia maisha yao. Wanasheria wakashtaki. Wakasema Amerika imekubali ibara ya 33 kupitia Itifaki ya 1967, na ibara hiyo inakataza return. Kesi ikafika Mahakama Kuu, na mwezi wa sita 1993 majaji wanane kati ya tisa wakaipa serikali haki. Sababu moja waliyotoa ilikuwa lile neno la kati ya mabano. Walifungua kamusi za Kifaransa na Kiingereza, wakasema refouler ni kusukuma nyuma mtu anayefika mlangoni, kwa hiyo return ya mkataba haina maana pana ya kila siku. Ni kuzuia mpakani. Kumkamata mtu baharini, mbali na mlango, na kumbeba mpaka alikotoka hakumo. Jaji mmoja tu, Harry Blackmun, alikataa. Yeye alisema return ni return: kumpeleka mtu tena pale alipotoka, popote ulipomkamata.

Fikirini jambo hilo. Mitumbwi iliendelea kurudishwa Haiti, na sehemu ya hoja ilikuwa maana ya neno moja ambalo kila mtoto wa shule anayesoma Kiingereza anadhani analijua.

Waafrika nao walikuwa wamekwisha kuandika mkataba wao, ule wa OUA, Addis Ababa, tarehe 10 mwezi wa tisa 1969. Ibara ya pili ina sentensi moja yenye return mara mbili, na maana zake si moja. Inakataza serikali kufanya kitendo cha return ambacho kitamlazimisha mtu afanye return. Kwa Kiingereza ni kama kizungumkuti. Lakini chukueni maandishi ya Kifaransa ya mkataba huo: mara ya kwanza wameandika refoulement, mara ya pili retourner. Maneno mawili kwa mambo mawili, na mtu anaona mara moja nani anasukuma na nani anatembea.

Kiswahili kinafanya hivyo kwa urahisi zaidi, kwa herufi chache za mwisho. Alirudi: alitumia miguu yake na akili yake. Alirudishwa: kuna mtu mwingine ndani ya sentensi, hata kama jina lake halikutajwa, na unaweza kuuliza "na nani?" Alirudishiwa: alipata kitu chake. Alirudisha: alitoa. Walirudiana: hao ni mke na mume, tuwaache. Neno linabeba ndani yake nani alifanya na nani alifanyiwa. Return halibebi.

Sisemi kwamba Kiswahili kinamzuia mtu kuficha. Anayetaka kuficha atasema "watu wamerudi" juu ya watu waliotembea na bunduki mgongoni. Wazee wa hapa wanakumbuka mwisho wa 1996. Kule Tanzania walikuwa wakimbizi wa Rwanda karibu nusu milioni. Tarehe 5 mwezi wa 12 mwaka ule, serikali ya Tanzania na HCR walitoa tangazo la pamoja kwamba Wanyarwanda wote wanatazamiwa kurudi kwao kabla ya tarehe 31. Wengi walitoka kambini wakielekea upande mwingine, ndani zaidi ya Tanzania. Askari wakawageuza. Katika vitabu vya hesabu wote hao ni watu waliorudi, pamoja na yule aliyekuwa amefunga mizigo kwa furaha tangu mwezi wa kumi na moja.

Linganisheni na Wakongomani wa kambi ya Lugufu. Kuanzia 2005 waliandika majina, wakatia sahihi ao kidole kwenye karatasi ya kurudi kwa hiari, na meli MV Mwongozo ikawabeba kutoka Kigoma mpaka Baraka. Hata kati yao, nimeongea na watu walioniambia: tulitia sahihi, ndiyo, lakini chakula kilikuwa kimepunguzwa na kila siku tunasikia kambi itafungwa. Hiyo ni hiari gani? Ni kurudi ao ni kurudishwa? Mimi nadhani mtu mwenyewe ndiye mwenye haki ya kuchagua kitenzi, na ajenti aandike alichosikia. Papa mmoja wa chama hiki alinijibu vizuri kuliko fishi yoyote: "Nilirudi na miguu yangu, lakini njaa ndiyo ilinishika mkono." Katika visanduku viwili hakuna pa kuweka jibu hilo. Ukimweka kwa hiari, mradi utadhani alipanga safari, ana akiba, ana mahali pa kulala. Ukimweka si kwa hiari, watauliza jina la aliyemfukuza, na ni hatari kwake kulitaja.

Ndiyo maana komite imeandika barua kwa wafadhili wetu wawili, na nakala ya barua hiyo itatoka katika gazeti hili hili. Haiombi pesa. Inaomba mambo matatu katika fishi mpya. La kwanza nimekwisha kulisema: idadi ya safari na tarehe ya mwisho. La pili, mahali pa kisanduku cha hiari pawekwe swali la wazi, "Ni nini kilikufanya urudi?", na mistari mitatu mitupu ya kuandikia, na jibu lisiandikwe pamoja na jina la mtu. La tatu, kila fishi isomwe kwa sauti mbele ya wanamemba kumi kabla ya kupigwa chapa, wakiwemo wamama wasiojua kusoma. Mtu akiuliza "maana yake nini?" zaidi ya mara mbili kwenye mstari mmoja, mstari huo uandikwe upya. Mfadhili mmoja amekwisha kujibu kwamba anakubali la kwanza na la tatu. La pili anasema ni gumu kwa kompyuta yake kuhesabu. Tutaendelea kuongea naye.

Kwa wale waliotoka kwenye listi kwa sababu ya tarehe: madai yanapokelewa Jumamosi hii, kuanzia saa tatu, kwenye biro ya chama. Leteni kile mulicho nacho: kadi ya kambi, jetoni, karatasi ya safari, hata kadi ya chanjo ya mtoto aliyezaliwa ukimbizini, tarehe yake inasaidia. Asiye na karatasi yoyote aje na jirani wawili waliomuona siku aliyofika. Vijana wanne waliotoka Nakivale watakuwa pale kuandikia wasiojua kuandika, na wamekubali kutumia Kiswahili.